Shajara ya mradi: viuno vya wapiga kasia wa Igombe

Mbalamwezi ya Januari

Mradi wenyewe ni huu: kikosi cha wapiga kasia wa hapa Igombe, kando ya Ziwa Victoria, kiende kwenye mashindano ya mitumbwi kikiwa na viuno vinavyohimili kwenda na kurudi. Mikono wanayo. Mtu anayevuta nyavu za dagaa usiku kucha humfundishi mikono. Kasoro yao iko katikati, baina ya mbavu na nyonga, na kila aliyesimama ufukweni msimu uliopita aliiona. Hadi kwenye boya la kugeuzia wanakwenda vizuri. Wakishageuka tu migongo inaanza kupinda, makasia yanaingia majini kwa nguvu ya mabega peke yake, na pua ya mtumbwi inahamahama.

Ratiba anaipanga mwezi, si mimi. Nusu ya kikosi ni wavuvi wa dagaa, na dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukipevuka taa hazina kazi, dagaa hawakusanyiki, na watu wanashinda nchi kavu wakishona nyavu. Basi mazoezi mazito yatakuwa wakati wa mbalamwezi, na wakati wa giza tutafanya mafupi na waliobaki. Mwalimu wa mjini mwenye Jumatatu, Jumatano na Ijumaa yake asingeambulia mtu huku.

Vifaa: turubai la kuazima, ndoo na madumu ya lita 20, mpira mweusi wa kufungia mizigo kwenye bodaboda, mwembe, na saa ya simu.

Vipimo vya mwanzo tumefanya viwili. Cha kwanza ni planki ya ubavu, kulia na kushoto: kiwiko chini, mwili umenyooka, tunahesabu hadi nyonga ishuke. Cha pili kilipewa jina la daktari wa Denmark, Biering-Sørensen, aliyekitangaza mwaka 1984. Unalala kifudifudi, miguu imeshikiliwa, kiwiliwili kiko hewani bila egemeo, na unakaa usawa mpaka uchoke. Sisi tulitumia benchi la mama ntilie, mtu mmoja akakalia vigimbi vya miguu ya mwenzake. Mama ntilie aliomba tulipie soda, kwa sababu wateja wake walisimama kuangalia.

Cha pili walifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Kuinama na kuinuka na nyavu kumewajengea migongo. Cha kwanza ndicho kilichosema. Kijana anayekaa mbele, anayepiga kasia upande wa kushoto tangu akiwa mtoto, alikaa zaidi ya dakika moja kwa ubavu mmoja, na ubavu wa pili ukamwangusha kabla ya sekunde 40. Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, ambaye kazi yake ya miaka mingi ilikuwa kupima migongo ya watu, anasema tofauti ya zaidi ya asilimia 5 kati ya ubavu na ubavu ni ya kuangaliwa. Kwa kijana huyu hatuhitaji hata kikokotoo. Na hayuko peke yake. Karibu kila aliyezoea upande mmoja wa mtumbwi ana ubavu mmoja uliolala, yaani dhaifu.

Giza la Februari

Wavuvi wako ziwani. Wamebaki wanawake wa kikosi na nahodha, ambaye umri umemtoa kwenye nyavu lakini haujamtoa kwenye usukani. Tumefanya pumzi, basi.

Nimewaambia tumbo lina kuta nne. Juu kuna kiwambo, msuli wa kupumulia. Chini kuna misuli ya sakafu ya nyonga. Nyuma kuna vile vimisuli vifupi vinavyoshika pingili za uti wa mgongo. Mbele na ubavuni kuna tabaka kadhaa, na lililo ndani kabisa linazunguka tumbo kama kibwebwe. Kuta hizi zikikazwa kwa pamoja, shinikizo la ndani linapanda na uti wa mgongo unapata mhimili. Ukuta mmoja ukilegea, mhimili hakuna, hata kama mingine ni ya chuma.

Wanawake walishanielewa kabla sijamaliza. Mmoja alisimama, akajishika kiuno, akasema, "Kumbe tujifunge kibwebwe, ila cha ndani." Ndiyo amri tunayoitumia tangu siku hiyo: kibwebwe! Wanaitikia kwa kukaza. Si kuvuta kitovu kiguse mgongo, wala si kulitunisha tumbo. Ni kulikaza mbele, ubavuni na nyuma kiasi cha kumshinda mwenzako akikusukuma bega, huku pumzi ikiendelea kuingia na kutoka.

Hapo kwenye pumzi ndipo penye kazi. Wengi wakikaza tumbo wanabana na pumzi. Nahodha ana presha, na kubana pumzi huku umejikaza kunaipandisha presha juu zaidi. Nikamwambia, "Mzee, wewe ukikaza, hesabu kwa sauti." Akasema kuhesabu ni kwa watoto wa shule, yeye ataimba. Akaanzisha wimbo wa kuvutia kasia akiwa kwenye magoti na viwiko, wanawake wakaitikia. Nimeliona jambo: anayeweza kuitikia wimbo huku tumbo limekaza, huyo anapumua. Anayenyamaza, amebana. Sihitaji kipimo kingine.

Mbalamwezi ya Februari

Vijana wamerudi, na madai yao wamekuja nayo: sitapu, zile za kulala chali na kuinuka, ziko wapi? "Ticha, tumbo halichomi. Tutajuaje kama linafanya kazi?"

Swali ni zuri na nimelijibu kwa kasia. Nilimkalisha mmoja ndani ya mtumbwi uliovutwa mchangani, miguu ikanyage mataruma, nikashika ncha ya kasia lake, nikamwambia avute. Kwanza alivuta akiwa amelegea: kiwiliwili kilikuja mbele, kasia likabaki palepale. Halafu: kibwebwe! Akavuta tena, na safari hii mimi ndiye niliyeburutwa. Nguvu inaanzia miguuni, inapita nyongani, kiunoni, mgongoni, inafika begani na mkononi. Kiuno kikipinda njiani, kilichotoka miguuni kinaishia hapo. Msuli ule wa mbele unaogawanyika vipande, ambao wote wanautamani, kazi yake kubwa ni kukunja mwili. Mpiga kasia anataka mwili usikunjwe wala kuzungushwa ovyo, na hiyo ni kazi ya misuli ya mshazari ya ubavuni pamoja na ile ya ndani na ya nyuma.

Kuna jambo lingine ambalo sitapu hazilifundishi, nalo ni wakati. Mwaka 1996 watafiti wawili wa Australia, Paul Hodges na Carolyn Richardson, walionyesha kwamba kwa mtu mzima wa afya, ule msuli wa ndani wa tumbo unakaza kabla mkono haujaanza kunyanyuka. Kwa watu wenye historia ya maumivu ya kiuno ulichelewa. Kwa hiyo hatutafuti tumbo linalochoma. Tunataka tumbo linalowahi.

Aliyebisha hadi mwisho nilimpa habari ya Jeshi la Marekani. Kwa miongo walipima askari kwa sitapu za dakika 2. Tangu mwaka 2022 kipimo chao cha tumbo ni planki, kukaa umenyooka kifudifudi juu ya viwiko na vidole vya miguu. Hapo akanyamaza, jeshi linaheshimika.

Ila planki nayo ikawaletea ushindani. Mmoja aliona kwenye simu kwamba Josef Šálek wa Jamhuri ya Cheki alikaa kwenye planki zaidi ya saa 9 na nusu mwaka 2023, na kuanzia hapo kila mtu akawa anatafuta rekodi ya Igombe. Nimelizima. Mtu akishachoka nyonga zinazama, kiuno kinabonyea, na anachokifundisha mwili ni kubonyea. Tunafuata utaratibu wa McGill: kukaa sekunde 10, kupumzika kidogo, kurudia, mzunguko wa kwanza marudio mengi, unaofuata machache, wa mwisho machache zaidi. Uchovu unakuja, lakini umbo haliharibiki.

Mazoezi yenyewe ni haya. La kwanza ni planki ya ubavu, na ubavu dhaifu unaanza. La pili ni mkono na mguu: uko kwenye viganja na magoti, unanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, halafu kinyume chake. Juu ya kiuno tunaweka kikombe cha plastiki chenye maji, na aliyekimwaga anajua mwenyewe. La tatu wamelibatiza mende chali. Umelala chali, mikono juu, magoti hewani, unashusha mkono mmoja na mguu wa upande mwingine polepole bila kiuno kuachana na turubai. Wavulana walilidharau mpaka walipolifanya polepole.

La nne ndilo ninalolipenda. Mpira wa bodaboda umefungwa kwenye mwembe usawa wa kifua. Unasimama ubavu kwa mti, unashika mpira kwa mikono miwili kifuani, unausukuma mbele hadi mikono inyooke. Mpira unataka kukugeuza ukaangalie mti. Kazi yako ni kukataa. Ukilitazama kwa mbali utadhani mtu amesimama tu.

Kuhusu siksipaki, yaani vile vipande vya tumbo, maana kila siku inarudi: vipande hivyo kila mtu anavyo chini ya mafuta yake, na zoezi la tumbo haliendi kuchagua mafuta ya tumbo. Mwili unayatoa unakotaka wenyewe, kadiri unachokula kinavyopungua kuliko unachotumia. Ile mikanda ya kukaza tumbo inayotembezwa mjini inatoa jasho. Jasho ni maji. Ukinywa maji, yamerudi.

Giza la Machi

Nimekaa na mama mmoja wa kikosi aliyejifungua miezi michache iliyopita. Alikuwa anafanya kila kitu kama wenzake, lakini kila akinyanyua kichwa kwenye turubai, katikati ya tumbo panasimama tuta, kuanzia chini ya kifua hadi kitovuni. Alidhani ni msuli umeanza kutoka. Wenzake walimpongeza.

Ile misuli miwili ya mbele ya tumbo inashikana katikati kwa utepe wa nyuzi ngumu. Mimba inauvuta utepe huo ukapanuka. Kwa wengi unarudi taratibu ndani ya miezi baada ya kujifungua, kwa wengine nafasi inabaki. Nilimwomba alale chali, akunje magoti, anyanyue kichwa kidogo, na mama mwenzake aweke vidole juu ya kitovu. Vidole vitatu viliingia. Zaidi ya viwili ni jambo la kushughulikia, na anayelijua vyema ni mtaalamu wa viungo hospitalini. Nilimwelekeza huko, naye akaenda.

Amerudi na maelekezo yanayokwenda sambamba na yetu: pumzi, kukaza kwa ndani na sakafu ya nyonga, mende chali kwa kushusha mguu mmoja tu, planki ya ubavu kwa kupiga magoti. Chochote kinacholeta tuta kinaachwa kwa sasa, zikiwemo sitapu na planki kamili. Mama wakubwa walimwuliza kama aendelee kufunga tumbo kwa kitambaa. Nikasema, mayu (mama, kwa Kisukuma), kitambaa kinampa nafuu akitembea, sina ugomvi nacho, ila hakimfanyii msuli kazi yake.

Mbalamwezi ya Machi

Mvua za masika. Mchana hapafai, na hata pasingekuwa na mvua, upepo wa ziwani unaamka mchana na kulichafua ziwa. Asubuhi maji yametulia. Kwa hiyo wote wanataka alfajiri, na mimi nakubali kwa sharti moja: hakuna kuinama wala kujikunja mara tu mtu anapotoka kitandani.

Sababu ni hii. Usiku mtu akiwa amelala, visahani vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo vinanyonya maji na kuvimba. Ndiyo maana asubuhi mtu ni mrefu kidogo kuliko jioni. Vikiwa vimejaa hivyo, kuinama kunavibana vibaya zaidi. Mwaka 1998 Stover Snook na wenzake, huko Marekani, waliwataka watu wenye maumivu sugu ya kiuno wajizuie kuinama asubuhi mapema, na maumivu yao yakapungua. Kwetu imekuwa: amka, tembea hadi ufukweni, simama ushike mpira wa mwembeni, kisha ingia majini. Mvuvi aliyekesha kwenye mtumbwi hana shida hiyo, yeye kiuno chake kimekesha naye.

Mbalamwezi ya Aprili

Ndoo zimeingia kazini. Lita 20 za maji ni kilo 20. Unashika ndoo moja kwa mkono mmoja, mkono mwingine mtupu, unatembea kutoka kwenye mwembe hadi kwenye mitumbwi na kurudi. Ndoo inakuvuta chini upande wake. Ubavu wa upande wa pili ndio unaokushikilia wima. Ndoo haina mfuniko, imejaa hadi ukingoni.

Mchanga ulikuwa mkavu siku hiyo, bahati ya pekee kwa mwezi huu, na ukatuandikia majibu. Nyuma ya kila mtu kulibaki mstari wa matone. Wa kina mama karibu haukuonekana, maana wamebeba maji tangu wangali wasichana. Wa kijana wa mbele ulikuwa mambo mawili: akishika ndoo kwa mkono mmoja, matone ya hapa na pale, akibadilisha mkono, mkanda mzima wa maji kama njia ya siafu. Alisimama akauangalia, akarudi kujaza ndoo bila kuambiwa. Kwa wiki hizo nilizotumia kumweleza habari za ubavu, ule mkanda ulifanya kazi haraka kuliko mimi.

Kuna waliopendekeza tuhamishie mazoezi majini, kwenye kina kifupi penye majani, kwa ajili ya ubaridi. Hapo nimekataa. Kichocho kiko hapohapo: vijidudu vinatoka kwenye konokono na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Wavuvi hawana namna, riziki yao iko humo. Mazoezi yana namna. Na mdogo wa mmoja wao, kijana mwembamba mwenye tumbo lililotangulia, aliletwa ili "apunguzwe kitambi". Mikono kama vijiti, tumbo gumu ubavuni. Kile si kitambi. Kichocho cha tumbo kikikaa muda mrefu kinavimbisha ini na bandama, na hakuna planki itakayovirudisha. Amepelekwa akapimwe, dawa ya kichocho ni prazikwanteli, na inatolewa kwa kufuata uzito wa mtu. Atakuja kupiga kasia akipona.

Vilevile nimewakumbusha: anayeona uvimbe unajitokeza kitovuni au kinenani akijikaza, aache kila kitu aende hospitali. Hiyo inaweza kuwa ngiri.

Mbalamwezi ya Mei

Tumerudia vipimo kwenye benchi lile lile (soda imepanda bei). Mgongo haujabadilika sana, wala sikuutarajia. Planki za ubavu ndizo zilizosogea: kijana wa mbele sasa pande zake mbili zinakaribiana, ule dhaifu umevuka dakika. Wawili hawajasogea hata kidogo. Hao ni wale waliokuwa wakija kwenye wimbo na kuondoka kwenye ndoo.

Majini ndiko kwenye neno. Nahodha alikaa nyuma kama kawaida, mimi nikasimama juu ya jiwe la ufukweni. Hadi kwenye boya hakukuwa na jipya. Waliporudi nilikuwa naangalia pua ya mtumbwi, nayo haikutulia moja kwa moja, ila ilihama kidogo, na migongo ya watu wanne wa mbele ilibaki mirefu hadi mtumbwi ukagusa mchanga. Watu wa katikati bado walijikunja mwishoni. Nahodha aliposhuka hakusifia chochote. Alisema usukani haukumchosha kama zamani, na kwamba kuanzia sasa kwenye mazoezi kila jozi itabadilishana upande wa kasia, mashindano yenyewe kila mtu akae pake. Hilo mimi nilikuwa nalitafutia namna ya kulisema tangu Januari, lakini likitoka kwangu lingebishiwa mpaka Juni.

Yule mama wa mtoto amepimwa tena hospitali, nafasi imepungua hadi vidole viwili. Ameruhusiwa planki kamili za muda mfupi, mradi tuta lisitokee. Kwenye ndoo hakuna anayemfikia.

Sitapu vijana bado wanapiga jioni nyuma ya banda la nyavu wakidhani sioni. Si nyingi, na si alfajiri, nimewaacha.

Kabla ya mbalamwezi ijayo: watu wa katikati waongezewe mpira wa mwembeni na ndoo. Mpira wenyewe umepasuka, unatakiwa mwingine. Turubai lirudishwe kwa mwenyewe, ameshauliza.